Maiki nzuri apewe mgeni

Nina imani moja kuhusu karaoke ambayo wenye baa wengi hapa Dar es Salaam hawaikubali: mtu asiyejua kuimba ndiye anayehitaji maiki nzuri kuliko wote. Mwimbaji mzoefu ukimpa maiki dhaifu ataizoea ndani ya ubeti mmoja. Ataisogeza karibu kwenye noti za chini, ataiondoa mdomoni kwenye noti za juu, na wimbo utafika salama. Lakini mhasibu aliyetoka kazini Ijumaa jioni, akajikaza mpaka akaandika jina lake kwenye karatasi ya DJ, hana ujanja huo. Atasikika vile maiki aliyopewa itakavyoamua.

Sasa tazama kumbi zetu zinavyofanya. Maiki zipo mbili. Ya kwanza ni nzito, ya chuma, wavu wake haujabonyea, na tangu saa mbili usiku iko mkononi mwa MC anayetangaza ofa za bia na kuita namba za meza. Ya pili ni nyepesi, ya plastiki, swichi yake imelegea na imezungushiwa selotepu. Hiyo ndiyo ya wageni. Wimbo ukifika katikati sauti inakatika, inarudi, inakwaruza, inakatika tena, na ukumbi mzima unacheka. Hakuna anayeicheka maiki. Anachekwa aliyeishika.

Nimemwona dada mmoja akirudi kwenye meza yake kabla wimbo haujafika kiitikio. Alikuwa na sauti nzuri. Tuliokaa mbele tuliisikia moja kwa moja kutoka kinywani mwake, si kwenye spika. MC akamwambia, kwa ile maiki yake safi, "Dada, siku nyingine ufanye mazoezi." Jambo lile liliniudhi, na linaniudhi mpaka leo.

Tofauti kati ya maiki hizi mbili inasikika wazi, haihitaji sikio la fundi. Ndani ya maiki ya kawaida ya jukwaani kuna utando mwembamba ulioshikamana na koili iliyomo ndani ya sumaku. Sauti inautikisa utando, koili inacheza, umeme mdogo unazaliwa na kwenda kwenye mikisa, ile mashine ya fundi ya kuchanganya sauti. Utando ukiwa mbovu, sauti nyembamba hazipiti, na huko juu ndiko zinakokaa s, t, k, f na ch. Matokeo yake unasikia irabu tupu zikiviringika ukumbini kama mtu anayeimba akiwa na chakula mdomoni. Fundi naye, badala ya kubadilisha maiki, anaongeza sauti. Kisha anaongeza mwangwi. Mwangwi ukizidi ndio unaomaliza kabisa maneno yaliyokuwa yamebaki.

Maiki inayotosha kazi hii si kitu cha ajabu wala kipya. Shure SM58 ilitoka mwaka 1966 na bado inashikwa majukwaani kila kona ya dunia. Inanasa kuanzia sauti nzito za hezi 50 hadi nyembamba za hezi 15,000, imeinuliwa kidogo pale ambapo maneno husikika vizuri, haihitaji betri, na bei yake Marekani ni takriban dola 100. Bandia zake ni nyingi, kwa hiyo ukiuziwa kwa bei ya sahani chache za chipsi kuku, jua umenunua jina tu. Si lazima iwe hiyo hiyo. Kampuni nyingine zinatengeneza maiki za kiwango hicho. Ninachosema ni kwamba ukumbi ulioweza kununua televisheni nne za kuonyeshea mpira hauwezi kuniambia kwamba maiki mbili nzuri zimeushinda.

Kuna watakaosema karaoke ni burudani tu, haistahili gharama hizo. Jibu langu liko kwenye historia yake. Daisuke Inoue, mpiga muziki wa kumbi za Kobe, Japani, alitengeneza mashine yake mwaka 1971 baada ya mteja mmoja, mfanyabiashara, kumwomba amrekodie muziki wa kuimbia safarini. Mteja huyo alikuwa amezoea kuimba akisindikizwa na Inoue, ambaye alijua jinsi ya kumfuata mtu pale anapochelewa au anaposhindwa kupanda. Mashine ilizaliwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, asiye mwanamuziki. Shigeichi Negishi wa Tokyo alikuwa ameshatengeneza ya kwake mwaka 1967, naye pia kwa sababu alipenda kuimba bila kuwa mwimbaji. Wote wawili walifanya vyombo vimfuate mtu. Sisi tunamlazimisha mtu apambane na chombo kibovu, halafu tunamwambia hajui.

Sikatai kwamba waimbaji nao wanachangia. Wapo wengi, hasa vijana waliojifunza kwa kutazama video za wasanii wa hip hop, wanaoukumbatia wavu wa maiki kwa kiganja kizima. Maiki hizi zimetengenezwa zisikie za mbele na kupuuza za nyuma, na zinaweza kufanya hivyo kwa sababu kuna matundu nyuma ya utando yanayopitisha hewa. Ukiyaziba kwa kiganja, inaanza kusikia pande zote, zikiwamo spika. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inarudi kwenye spika, na ule mluzi unaotoboa masikio unaanza. Kumwelekeza mtu ashike mpini na aweke mdomo karibu na wavu, upana wa vidole viwili hivi, hakuchukui hata nusu dakika. MC anayeweza kusimulia ofa ya ndoo ya bia kwa dakika tano anaweza kulisema hilo pia.

Maiki zisizo na waya ndizo zinazopendwa zaidi, na naelewa kwa nini: mtu anazunguka nayo, anaimbia meza ya marafiki zake, inapendeza. Lakini zinahitaji uangalizi ambao sioni ukifanyika. Betri zinaingizwa mpya Alhamisi na kuachwa mpaka zife katikati ya wimbo wa mtu Jumamosi. Halafu kuna suala la masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba sauti kutoka kwenye maiki. Dar es Salaam ilizimiwa televisheni ya analojia mwisho wa mwaka 2012, na dunia nzima sehemu ya juu ya masafa ya zamani ya televisheni, ambayo maiki hizi nazo zimekuwa zikiyatumia, megahezi 700 na 800, imekuwa ikihamishiwa intaneti ya simu. Marekani ilizuia maiki za masafa ya 700 kuanzia mwaka 2010. Kwa hiyo anayenunua maiki ya mtumba aisome ile namba ya megahezi iliyobandikwa kwenye kifaa kabla hajatoa hela. Huenda anauziwa kitu kitakachogombana na minara ya simu kila usiku. Kwa ukumbi mdogo mimi ningechagua waya, tena ule wa pini tatu unaozuia mivumo ya umeme, na ningeununua mrefu.

Usafi nao. Watu thelathini wanapokezana wavu mmoja usiku mmoja, na ndani yake kuna sponji. Kwenye maiki nyingi wavu unafunguka kwa kuuzungusha. Unaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, unakaushwa kabisa, unarudishwa. Sponji lililojaa mate ya miezi linanuka, na linaziba sauti.

Jambo la mwisho ninalolitaka ni spika moja ndogo inayomtazama mwimbaji. Asiyejisikia hupiga kelele, na anayepiga kelele hutoka nje ya kii, yaani noti zake haziendani tena na muziki, hata angekuwa amebarikiwa vipi. Spika hiyo iwekwe chini mbele yake, nyuma ya maiki, isije ikaleta mluzi. Fundi apunguze muziki kidogo, akate besi kwenye njia ya maiki, na mwangwi uwe wa kuipamba sauti, usiifunike.

Ukumbi usioweza kununua chochote leo bado una jambo la kufanya usiku huu huu, na ni bure. MC ampe mgeni ile maiki nzito ya chuma, yeye abaki na ile ya selotepu. Kuita namba ya meza hakuhitaji zaidi ya hapo.