Polisi na warudi kutuletea jibu

Naishi London, lakini Amu, mji wetu wa Lamu pwani ya Kenya, haijanitoka. Kila nikisikia vijana wanauziwa unga wa kulevya vichochoroni mtaa wa Langoni, hasira hunipanda, maana watu wa mtaa wanamjua muuzaji. Wanamjua na wananyamaza.

Huku London kila wadi ina timu yake ya polisi. Tangu sheria ya mwaka 2002 kuna pia wasaidizi wasio na mamlaka ya kukamata kama polisi. Kazi yao kubwa ni kupita mitaani kwa miguu na kuzungumza na watu. Wakazi nao wana kamati inayowachagulia polisi mambo ya kushughulikia kwanza. Nimekaa kwenye kikao hicho. Bibi mmoja alilalamikia wanaopora simu kwa pikipiki, sajini akaandika. Kikao kilichofuata alianza na lile la bibi: tulifika siku fulani, huyu tumemkamata, hawa wametushinda. "Wametushinda", mbele ya watu wote! Hilo ndilo ninalowatakia ndugu zangu.

Si kwamba Waingereza wanajuana. Jirani yangu wa ukuta mmoja simjui jina. Amu mgeni akishuka gatini asubuhi, kabla ya adhuhuri barazani washajua kafikia kwa nani. Macho tunayo.

Kwetu Kenya, Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama pamoja na polisi, ilianza 2013, na sheria ya polisi ya 2011 inataka kamati za polisi na wananchi. Lakini mabaraza niliyohudhuria yalikuwa ya kuambiwa tu: toeni habari. Ukitoa, jibu hulioni. Baya zaidi, jina lako humfikia muuza unga kabla polisi hawajafika. Mwenye watoto wanaopita kichochoro kile kile akinyamaza, kumwita mwoga ni kumwonea. Huku Uingereza shirika la Crimestoppers hupokea habari kwa simu bila kuuliza jina, na lenyewe si polisi.

Tena baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huko huko kaunti ya Lamu, Juni 2014, ilipowekwa kafyu, wavuvi walizuiwa bahari usiku, wakati wao ndio wa kwanza kuona chombo kigeni. Imani iliyopotea pale haijarudi yote.

OCS, mkuu wa kituo cha polisi, akija barazani, aanze na aliyoambiwa mara iliyopita: lipi limefanywa, lipi limekwama, na kwa nini. Nyinyi mlioko Amu, muulizeni hilo kabla hajaomba habari mpya.