Asiye na boti hana Jumatano

Siku yangu ya mapumziko ni Jumatano. Sikuichagua. Napakia mizigo ya ndege usiku hapa Anchorage, Alaska, na ratiba ya zamu hupangwa na mtu ambaye sijawahi kumwona sura. Miaka yote haikunisumbua, mpaka nilipompigia simu nahodha mmoja wa Homer, mji wa pwani kusini mwa hapa, kuulizia nafasi mbili kwenye boti yake ya wageni, yangu na ya jirani yangu, tukavue halibati. Akauliza siku gani. Nikasema Jumatano. Akacheka, wala si kwa kejeli.

"Jumatano siruhusiwi kukuvulisha halibati. Labda uende na boti yako mwenyewe."

Boti yangu! Mimi mtoto wa Pangani, niliyelelewa ndani ya ngalawa ya babu, leo naishi jirani na bahari yenye samaki wanaomzidi mtu uzito na sina hata mtumbwi.

Kwa asiyemjua, halibati ni jamaa ya gayogayo wetu, ila huyu kakua hadi kupitiliza. Bapa, macho yote mawili upande mmoja, analala chini kwenye mchanga akisubiri riziki impitie. Jike anaweza kupita kilo 200, na wamewahi kupatikana wenye umri wa miaka 55. Ukiwaona wale wa zaidi ya kilo 45, jua karibu wote ni majike. Nyama yake nyeupe, ngumu kiasi, na ukiipika kwa nazi na ndimu mgeni hatajua kama hukuinunua feri.

Samaki huyu ana serikali yake. Mwaka 1923 Marekani na Kanada zilitia saini mkataba wa kumlinda, ukazaa tume ya kimataifa ambayo mpaka leo hukutana kila Januari na kuamua ni ratili ngapi zitolewe baharini. Bahari imekatwa vipande vyenye namba. Sisi tunaovulia Homer tuko 3A. Hesabu inavyokwenda ndiyo chanzo cha manung'uniko yangu. Kwanza wanakadiria watakachovua watu wenye boti zao, wanakitoa juu kabisa. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati ya wavuvi wa biashara na boti zinazobeba wateja. Fungu la mwenye boti yake halina kifuniko. Anavua halibati wawili kwa siku, wa ukubwa wowote, siku yoyote ya msimu, na hesabu yake hupatikana baadaye kwa dodoso la posta. Fungu la boti za wateja limefungwa kwa mpango ulioanza 2014, na kila likikaribia kumwagika, mteja ndiye anayebanwa.

Na amebanwa kwelikweli. Mwaka 2014 sheria ya 3A ilisema halibati wawili, mmoja wa ukubwa wowote, wa pili asizidi inchi 29. Baadaye ikawa 28. Zikaja siku za kufungwa, Jumatano ya msimu mzima na katika miaka mingine Jumanne kadhaa juu yake. Ukawekwa ukomo wa samaki wanne kwa mtu kwa mwaka. Korona ilipofukuza watalii 2020, masharti yakalegezwa, inchi zikapanda hadi 32 na ukomo wa mwaka ukaondolewa. Watalii waliporudi, 2022, tukarudi kwenye 28. Nahodha wetu ana karatasi ya sheria ukutani mwa chumba cha usukani, na chini yake pembe za karatasi ya mwaka jana na ya mwaka juzi zinachungulia.

Nilibadilishana zamu na mwenzangu, tukaenda Jumamosi. Barabara ni saa nne na nusu, nauli ya boti zaidi ya dola 300 kwa kichwa. Kwa mtu wa mshahara wangu hiyo ni safari ya mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hakuna. Jirani yangu ni Baba Furaha, mtu wa Uvira, aliyeyajua maji kwenye Ziwa Tanganyika akivua mikeke na ndakala. Ziwa lisilo na kupwa wala kujaa! Ilibidi nimweleze kwamba hapa maji ya bamvua hupanda na kushuka kupita mita 8, mara mbili ya kwetu Tanga, na kwamba tungeshusha mishipi hasa maji yanaposimama, kwa sababu yakikaza, chubwi la kilo nzima linapeperuka kama unyoya.

Halibati wa kwanza alikuwa wake. Alipambana naye karibu nusu saa, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Samaki alipojitokeza chini ya uso wa maji, kahawia na mpana, Baba Furaha akanigeukia: "Mukubwa, hii ni samaki ao ni mlango?" Nilicheka mpaka nikakaa. Watu wa hapa humwita halibati mkubwa mlango wa ghala, na mdogo humwita kifaranga. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Huyo alikuwa kama kilo 30. Basi, fungu lake la "ukubwa wowote" likawa limekwisha. Wa pili alipanda upesi, samaki mzuri wa mezani, kilo kama 6. Nahodha akamlaza kwenye rula: inchi 31. Akamtoa ndoana na kumrudisha baharini.

"Unamutupa samaki?" Baba Furaha alimshika mkono kabisa.

Hili ndilo lililotushinda kulielewa, yeye wa ziwani na mimi wa pwani. Kwetu bwana samaki akija anakukamata kwa samaki wadogo. Wavu wenye macho madogo unachomwa moto. Huku tulikaa saa nzima tukiombea samaki awe mdogo zaidi. Hesabu yake ipo, sikatai: fungu linapimwa kwa ratili wala si kwa idadi, na wa inchi 27 anakula ratili chache kuliko wa 31. Ukiwa ofisini inaeleweka. Ukiwa umeshika mpini wa mshipi, na samaki uliyemlipia anazama mbele yako, unahitaji moyo.

Nisieleweke vibaya. Si mimi niliyeona pwani ya Tanga ikipigwa baruti, matumbawe yakageuka kokoto, ndiye nitakayesema kanuni za uvuvi hazina maana. Wapo hapa wanaosema wataalamu wanabuni tu tarakimu. Hao sikai nao meza moja. Halibati wa umri uleule leo ni mdogo sana kuliko wa miaka ya 1980, na mtu anayevua kila kiangazi hahitaji kuambiwa. Ndugu zake Baba Furaha walifungiwa ziwa lote miezi mitatu mwaka 2024, nchi nne zikakubaliana, na yeye mwenyewe aliunga mkono ingawa jamaa zake walilala njaa. Kubana si tatizo. Swali langu ni anabanwa nani.

Maana angalia: Jumatano ileile ambayo mimi nimepigwa marufuku, mwenye boti ya dola 80,000 anapita mbele ya gati ya Homer, anatoka, anarudi na milango miwili. Bahari ni moja na samaki ni wamoja. Tofauti yetu ni kwamba yeye ana chombo na mimi nimelipa mtu anipeleke. Kuna mahali kusini-mashariki mwa Alaska ambako biashara imeligundua pengo hili: mgeni anakodishiwa boti ajiendeshe mwenyewe, na kwa kuwa hana nahodha wa kulipwa, anahesabiwa kama mwenye boti yake. Sheria inauliza swali moja tu, nani kashika usukani, na mwenye pesa ana jibu.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, nami nimeipima. Nahodha mzoefu anajua kila shimo la bahari. Akibeba watu sita, sita wote watarudi na samaki, wakati mwenye boti yake mara nyingi anarudi na mafua. Na wateja wengi wa boti hizi ni watalii. Kweli. Lakini mimi na Baba Furaha si watalii. Tunalipa kodi ya nyumba hapa, tunakwangua barafu kwenye vioo vya magari hapa, watoto wake wanne wanasoma hapa.

Kwa samoni, jimbo la Alaska limeliona hilo. Kuanzia Julai 10 hadi 31, mkazi yeyote anaruhusiwa kusimama kwenye mdomo wa mto Kenai na wavu wenye mpini mrefu akachota samoni wekundu kwa ajili ya chungu chake: 25 kwa mkuu wa kaya, 10 kwa kila mwanakaya mwingine. Nyumba ya Baba Furaha, watu sita, ni samoni 75. Boti haihitajiki. Unavaa suruali ya mpira, unaingia mpaka kifuani kwenye maji yanayouma mifupa, bega kwa bega na mwalimu, polisi, bibi wa Kifilipino mwenye kelele nyingi kuliko wote. Kila samaki unamkata ncha za mkia papo hapo ili asije akauzwa. Usiku friza inafungwa kwa goti. Nimeishi nchi hii miaka mingi, na pale ndipo mahali pekee ambapo sijawahi kujiona mgeni.

Hata huko kanuni zinabana, na zinabana pabaya. Mto huohuo wa Kenai ndio ulitoa samoni wa aina iitwayo mfalme, mkubwa kuliko wafalme wote waliowahi kuvuliwa kwa mshipi wa burudani, kilo 44, mwaka 1985. Leo mfalme akiingia kwenye wavu wako unamwachia, kwa sababu wamebaki wachache mno. Kwenye mto Yukon, Alaska na Kanada zilikubaliana mwaka 2024 kusimamisha uvuvi wa wafalme kwa miaka 7, yaani mzunguko mzima wa maisha yao. Kule kuna vijiji vya wenyeji ambavyo mabanda yao ya kukaushia samaki yamebaki matupu. Nikiwafikiria hao, Jumatano yangu inakuwa jambo dogo. Ila dogo si sawa na halipo.

Mbona basi halibati asifanyiwe kama samoni, mkazi apewe fungu lake? Niliuliza, nikajibiwa na sheria. Halibati yuko chini ya serikali ya shirikisho, na sheria ya 1982 inayomhusu inakataza kanuni zinazobagua kati ya wakazi wa majimbo mbalimbali. Mtu wa Texas na mtu wa Anchorage ni sawa mbele ya halibati. Sina ugomvi na usawa huo. Wakazi wa vijijini na makabila ya wenyeji wana kibali chao cha kuvua kitoweo, wanastahili, lakini Anchorage haihesabiwi kijiji.

Ndiyo maana ninachotaka hakimtaji mkazi wala mgeni. Rudisheni ukomo wa mwaka, futeni Jumatano. Mtu apewe samaki wanne kwa mwaka kwenye boti za wateja, avue siku anayopata nafasi. Anayekwenda mara moja hataguswa, awe wa Anchorage au wa Texas. Atakayeguswa ni yule anayenunua siku tano mfululizo na kusafirisha masanduku ya barafu kwa ndege. (Nayajua masanduku hayo. Ndiyo ninayoyapakia.) Wenye boti watalalamika kwa kuwa mteja wa siku tano ndiye mtamu. Pengine tarakimu zitakataa, pengine samaki wanne watakuwa wengi na itabidi wawe watatu. Sawa, hata watatu.

Na kabla hatujabishana juu ya inchi, mtu aniambie pia kuhusu matrola ya Bahari ya Bering, meli zinazokokota nyavu, ambayo kundi lao kubwa kwa miaka lilikuwa na ukomo wa tani 1,745 za halibati wanaokufa nyavuni na kutupwa kwa sababu si samaki waliokuja kuvuliwa. Tangu 2024 ukomo wa kundi hilo unapanda na kushuka kulingana na wingi wa halibati. Afadhali. Nilipomsimulia Baba Furaha, hakusema kitu, aliangalia tu mikono yake kama anapima inchi 31.

Baraza linalopendekeza masharti ya boti za wateja hukaa Anchorage kila Desemba, hotelini, na mtu yeyote anaweza kujiandikisha azungumze. Unapewa dakika tatu. Nimeandika zangu kwenye karatasi, nikazisoma mbele ya kioo, zikatoka nne na nusu. Mkutano unachukua karibu wiki nzima, na Jumatano imo. Siku hiyo niko huru.