Maharage yana kesi gani na figo?

Mjomba alirudi kliniki na karatasi inayoonyesha kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, imepanda, na jioni hiyo hiyo maharage yakaondolewa mezani. Si daktari aliyeagiza, ni mkaza mjomba. "Maharage mazito, yanachosha figo," akasema, na majirani wote wakaitikia. Kesho yake mmoja wao akaleta chupa ya supu ya makongoro, ati mgonjwa apate nguvu. Hiyo ikapokelewa kwa mikono miwili.

Hukumu hii nimeisikia nyumba nyingi, na naona tumemfunga asiyehusika. Kwamba protini nyingi huilemea figo iliyokwisha kuumia, sibishi. Daktari wa figo wa Marekani, Brenner, na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 1982. Ndiyo maana mwongozo wa 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, unamwekea mgonjwa ambaye hajafikia kusafishwa damu gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mjomba ana kilo 65, kwa hiyo fungu lake ni gramu 52. Nyama ya ng'ombe iliyoiva, gramu 200 tu, inalimaliza lote. Maharage yaliyopikwa ya uzito huo huo yana kama gramu 18. Sasa nani mzito?

Kuna na habari ya fosforasi, madini ambayo figo iliyoumia hushindwa kuyatoa mwilini. Ya kwenye maharage imefungwa ndani ya fitati, yaani ghala ambamo mbegu huiweka, na matumbo yetu hayana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua, kwa hiyo sehemu kubwa inapita tu. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwalisha wagonjwa 9 wa figo wiki moja vyakula vya nyama na maziwa, wiki nyingine vya mimea, fosforasi ikiwa sawa. Wiki ya mimea, fosforasi ya damu ilikuwa chini. Wagonjwa 9 ni wachache, nakubali. Lakini majirani wa mjomba hawakupima hata mmoja.

Potasiamu, madini mengine ambayo figo iliyoumia hushindwa kuyatoa, ndiyo hoja yenye uzito. Ambaye vipimo vyake vinaonyesha iko juu, asile maharage kabla ya kuongea na mtaalamu wa lishe. Kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji na kuyachemsha kwa maji mapya huipunguza. Mkaza mjomba amefanya hivyo miaka yote, ila yeye huyamwaga maji kwa sababu ya gesi.

Wale wa upande wa pili nao wananichosha, wanaotangaza kwenye simu zetu kwamba nyama ni sumu na mchicha ni dawa ya figo. Anayesafishwa damu hupoteza protini kila anapofungwa kwenye mashine, na huhitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Huyo ukimwachia mboga za kuchemsha peke yake utamkuta amebaki mifupa. Mayai na samaki vina nafasi kwake. Dagaa wakavu ndio wa kuhesabu, maana wanaliwa na mifupa yao, na fosforasi iko humo.

Mtaalamu wa lishe alipomhoji mjomba, swali lake la kwanza lilikuwa chumvi. Akauliza supu, akauliza vile viungo vya paketi. Nyumbani hakuna aliyewahi kuvitaja.

Maharage yamerudi, kikombe kimoja, ya nazi nyepesi. Mjomba alionja, akaweka kijiko chini.

"Mama, leo umesahau chumvi?"

"Sijasahau. Kula."