Hoho ya simbilisi

Kila asubuhi, kisu kikigusa tu ubao wa kukatia mboga, chumba cha nyuma kinapiga filimbi. Ni Karanga na Tui, simbilisi wawili wa watoto wangu. Wameshajua kuwa mlio wa kisu unatangulia hoho. Wanasimama kwa miguu ya nyuma, wanashika wavu, wanaita mpaka mtu aje. Binti yangu huniambia, "Mama, Karanga anadai," na kweli anadai, maana sauti ile huwezi kuifananisha na ya kuomba.

Mwezi uliopita dada yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo na pakiti tatu za vionjo vya simbilisi kutoka duka la wanyama la huko. Zilikuwa na picha nzuri na rangi za kupendeza. Nikasoma yaliyoandikwa nyuma: nafaka, mbegu za alizeti, asali, vipande vya ndizi kavu, na matone meupe ya mtindi na sukari. Nikamshukuru dada kwa moyo wote, kisha nikaziweka juu ya kabati, na huko ziko hadi leo. Yeye aliona nawanyima wanyama raha. "Mdogo wangu, ni kidogo tu, nao wafurahi," alisema. Nimeahidi kumweleza vizuri kwa nini nilikataa, na nikaona heri niandike hapa, kwa kuwa hapa mjini watu wanaofuga simbilisi kwa ajili ya watoto wanaongezeka na wengi wanaanza kama nilivyoanza mimi.

Mimi nilianza vibaya. Tulipowaleta nyumbani, niliwaweka kwenye mlo wa sungura, kwa sababu ndicho chakula nilichokipata dukani na muuzaji hakuona tofauti. Nikaongeza majani makavu, tango kila siku kwa sababu ya joto la Dar, na watoto wakawa wanawamegea biskuti. Wiki ya tatu Karanga akaanza kuchechemea. Nikadhani ameanguka au Tui amemng'ata. Baada ya siku mbili manyoya yakamsimama, akawa anakaa pembeni, na ukimgusa goti la nyuma analia. Hoho hatukuwa tukimpa, biskuti hakuitaka tena.

Daktari wa mifugo alimpapasa, akamfungua mdomo, kisha akaniuliza swali moja tu: anakula nini kibichi? Nikajibu tango. "Tango ni maji, mama," akasema. "Huyu ana kiseyeye."

Neno lile nilikuwa nalijua kutoka shuleni, kwenye masomo ya mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda wala mboga, fizi zikavuja damu na viungo vikavimba. Sikuwahi kufikiri ningekutana nalo sebuleni kwangu, kwenye kisanduku cha mnyama wa gramu 800. Karanga alipewa vitamini C kwa bomba la sindano mdomoni kila siku, akaanza kutembea vizuri baada ya siku chache. Alipona. Lakini yale maumivu yalitokana na kile nilichokuwa nampa kwa mkono wangu, na tangu siku hiyo sijawahi kutia kitu mbele yao bila kujiuliza kitafanya kazi gani mwilini.

Jambo lenyewe ni hili. Sungura, mbuzi, ng'ombe, hata panya, wote hujitengenezea vitamini C ndani ya miili yao. Simbilisi hawezi. Amekosa kimeng'enya kimoja kinachokamilisha kazi hiyo, na sisi binadamu tumekikosa vilevile. Kwa hiyo mlo wa sungura unaweza kumshibisha simbilisi, ukamnenepesha, na bado ukamwacha anaugua taratibu, kwa kuwa aliyeutengeneza hakuwa na sababu ya kutia vitamini hiyo. Anaihitaji kila siku, kiasi cha miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Jike mwenye mimba anahitaji zaidi ya wengine.

Na dunia ilijua hili kupitia kwa simbilisi wenyewe. Mwaka 1907, huko Kristiania, mji ambao leo tunauita Oslo, Axel Holst na Theodor Frølich walikuwa wanatafuta chanzo cha ugonjwa uliokuwa ukiwashika mabaharia wa Norwei. Wakawalisha simbilisi nafaka na mikate mitupu. Simbilisi wakapata kiseyeye, na walipopewa kabichi na vyakula vibichi wakaepukana nacho. Miaka 25 baadaye, huko Szeged nchini Hungaria, Albert Szent-Györgyi na mwenzake Joseph Svirbely wakaonyesha, kwa simbilisi tena, kuwa kitu kinachozuia kiseyeye ni kile tunachokiita vitamini C. Szent-Györgyi alihitaji kuipata kwa wingi kwa ajili ya utafiti, akaikuta kwenye paprika, yaani ndugu wa hoho zetu, inayolimwa sana kuzunguka mji ule. Mwaka 1937 alipewa Tuzo ya Nobeli.

Kila ninapokata hoho asubuhi nawaza habari hiyo. Nafaka tupu ndiyo iliyowaumiza simbilisi wa Kristiania, na pakiti za dada yangu kwa sehemu kubwa ni nafaka iliyopakwa asali.

Msimamo wangu basi ni kwamba kionjo cha simbilisi kinapaswa kufanya kazi mbili: kumletea vitamini C, na kumfundisha kuuamini mkono wako. Sukari haifanyi ya kwanza, na ya pili inafanywa vizuri zaidi na kipande cha mboga mbichi.

Gengeni kwetu vitu hivyo vimejaa. Hoho nyekundu ina zaidi ya miligramu 100 za vitamini C katika kila gramu 100, na ya kijani ina kama 80. Kwa hiyo kipande chembamba cha hoho nyekundu, upana wa vidole viwili, kinatosha kumkaribisha mnyama mmoja kwenye mahitaji yake ya siku. Tango nililokuwa namjazia Karanga lina miligramu 3 hivi kwa uzito huohuo. Pera linaishinda hata hoho, zaidi ya miligramu 200, ila pera lina sukari na mbegu ngumu, kwa hiyo natoa nyama ya pembeni tu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mara moja au mbili kwa wiki. Papai vivyo hivyo. Giligilani wanaipenda kuliko kitu chochote, nayo nawapa matawi mawili matatu. Sukuma wiki jani moja dogo, si kila siku, maana inajaza gesi tumboni.

Mama anayeuza mboga kwenye genge la mtaa wetu alikuwa akitupa majani ya karoti na maganda ya mahindi mabichi. Siku hizi ananiwekea kwenye kikapu, na hataki hela. Simbilisi wanayavuta yale maganda pamoja na nywele za mahindi kama watu wanaofunua zawadi. Hicho ni kionjo cha bure, kina nyuzinyuzi za kutosha, kinawapa na kazi ya kutafuna. Kutafuna kwao ni jambo la uhai. Meno yao yote 20 yanaota maisha yao yote, na kinachoyasaga ni majani yenye nyuzi, hasa majani makavu na ukoka, ambayo lazima yawe sehemu kubwa kabisa ya chakula chao, mchana na usiku. Tone la mtindi linayeyuka ulimini bila jino kugusa kitu. Tena simbilisi mzima hana uwezo mzuri wa kusaga sukari ya maziwa, na tumbo lake likichafuka hakuna njia rahisi ya kulirudisha, kwa sababu wadudu wadogo wanaomsagia majani ndani ya utumbo wakifa, wale wabaya wanachukua nafasi yao. Hawezi hata kutapika.

Hapa namkumbuka bibi yangu, kule Njombe. Jikoni kwake simbilisi walikuwa wakizunguka miguuni kwetu tukiota moto, na hakuna aliyewahi kumwambia habari za vitamini. Kila jioni akirudi shambani alikuwa amebeba fungu la magugu: ukoka, mchunga wenye maziwa meupe, majani ya mahindi. Anawamwagia chini, wanakuja wote. Sikumbuki hata mmoja aliyechechemea. Kwa bibi walikuwa kitoweo na kwangu ni wenzi wa watoto, lakini kwenye ulishaji bibi alikuwa mbele yangu kwa mbali, maana majani mabichi nayo yana vitamini C. Nilipohamia mjini nikaacha mkono wa bibi, nikashika mfuko wa dukani.

Mchunga naendelea kuutafuta. Unaota penye kiwanja cha nyuma ya msikiti, mbali na barabara. Pembeni ya lami sichumi kitu, kwa ajili ya moshi na mafuta, wala penye mtaro wa maji machafu. Mboga za sokoni naziosha kwa maji yanayotiririka, kila jani, kwa sababu ya dawa za wadudu. Mnyama wa kilo moja hana mwili wa kubeba sumu ambayo wewe usingeihisi.

Mchicha na spinachi ziliniletea mashaka zaidi. Ni mboga nzuri, ni rahisi, na watu wengi wanaanza nazo. Ila zina kalisi nyingi, yaani madini ya mifupa, na mwili wa simbilisi unafyonza kalisi nyingi kuliko unayohitaji kisha unaitoa kupitia mkojo, na kalisi hiyo inaweza kuganda ikawa mawe kwenye kibofu. Ukiona mkojo umeacha unga mweupe mzito, au mnyama analia akikojoa, usingoje kesho. Nawapa mchicha kidogo mara moja kwa wiki, basi. Jiwe la chumvi linaloning'inizwa kwenye kibanda sinunui kabisa.

Vingine havina mjadala nyumbani kwangu: parachichi, kitunguu cha aina yoyote, kiazi mviringo kibichi na maganda yake, majani ya nyanya, kisamvu kibichi, chokoleti, chipsi, mkate. Nimeviandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya kibanda, kwa sababu hatari kubwa kwa simbilisi wa nyumbani ni wageni wenye upendo. Mtoto wa jirani alishika chipsi na kumsogezea Tui. Alifanya hivyo kwa wema wake wote, na mimi nilimpa jani la karoti mkononi, nikamwonyesha namna ya kukaa chini, kunyamaza, na kungoja. Tui alichukua muda, akanusa, akavuta. Yule mtoto hakupumua mpaka jani likaisha. Amekuja kila Jumamosi tangu siku ile.

Hiyo ndiyo kazi ya pili niliyoisema. Simbilisi ni windo, na kivuli kinachotoka juu humtisha kama mwewe. Ukimpa kionjo kwenye bakuli na kuondoka, amekula tu. Ukiketi sakafuni, mkono ukiwa chini, kipande kirefu cha hoho kikiwa kati ya vidole vyako, anajifunza harufu yako. Ndiyo maana nakata vipande virefu badala ya vya mraba: mnyama mwoga anaweza kushika ncha ya mbali kwanza, na kila siku unafupisha umbali kidogo. Tui alichukua wiki tano mpaka kupanda mapajani kwa binti yangu.

Kama unaanza leo, leta kitu kimoja kipya kwa wakati mmoja, kidogo, kisha angalia kinyesi chake kwa siku mbili kabla ya kuongeza. Kikiwa laini, acha mboga zote, baki na majani makavu na maji, na mpeleke kwa daktari kikiendelea. Na kwa joto letu la pwani, ondoa kila kipande kilichobaki baada ya saa chache, maana kinachacha. Vitamini ya kutia kwenye maji ya kunywa siipendi. Inaharibika haraka, inabadilisha ladha ya maji, na mnyama anaweza kuacha kunywa.

Dada yangu alipokuwa anakaribia kuondoka, siku moja aliamka mapema kuliko mimi. Nilimkuta jikoni amevaa khanga, anakata hoho, na kutoka chumba cha nyuma filimbi zinapigwa. "Hawa wamenijua," akasema, akaniomba nimshikie chai yake ili akae chini sakafuni. Karanga alikuja kwanza. Jumapili tulimweka kwenye mzani wa jikoni kama kila wiki: gramu 1,040.