Usituandikie “marekebisho madogo”: tuambie kilichobadilika

Fungua orodha ya masasisho kwenye simu yako, usome maelezo ya programu za benki na za maduka. Nyingi zina sentensi ileile: “Tumerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji.” Inaniudhi kila ninapoikuta. Mtu anayeutegemea mfumo huo kulipa mishahara au kutoa risiti ana haki ya kujua kama kilichoguswa ni rangi ya kitufe au ni hesabu ya pesa zake.

Tatizo linaanza mapema, kwenye tiketi, yaani ripoti ambayo mtumiaji huifungua kuwaomba wasanidi (waandishi wa programu) washughulikie jambo. Mhasibu anaona risiti ina kiwango cha kodi kisicho sahihi, anafungua tiketi na kuchagua “hitilafu”, kwa sababu kwake yeye mfumo umekosea. Msanidi anaibadilisha, anaifunga, na lebo inabaki vilevile. Mwaka 2013 watafiti Kim Herzig, Sascha Just na Andreas Zeller walipitia kwa mkono tiketi zaidi ya 7,000 za miradi mitano ya programu huria. Asilimia 33.8 ya zilizoitwa hitilafu hazikuwa hitilafu: kulikuwa na maombi ya kitu kipya, kazi za nyaraka, kazi za kupanga upya msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Theluthi nzima! Halafu meneja anachukua hesabu hizo kuamua timu ipi inakosea sana na bajeti iende wapi.

Chukua VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya Kenya. Aprili 2020 ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Hakuna kilichokuwa kimeharibika ndani ya mfumo wowote wa mauzo. Sheria ndiyo iliyobadilika. Ukiiita kazi hii hitilafu, unaifanya kama hitilafu: unatafuta 0.16, unaweka 0.14, unaondoka. Sasa tazama kinachotokea. Bidhaa inauzwa shilingi 1,160, kodi ikiwa ndani. Sehemu moja ya msimbo inagawanya kwa 1.16 kupata bei kabla ya kodi, na namba hiyo hukuiona kwa sababu ulitafuta 0.16. Mfumo unapata 1,000, unaizidisha kwa 0.14, unaandika kodi shilingi 140. Jumla ya risiti inakuwa 1,140 wakati mteja ametoa 1,160. Shilingi 20 hazina mahali kwenye vitabu. Kodi sahihi ni 1,160 mara 14 gawanya kwa 114, yaani 142.46.

Hapo bado mteja hajarudisha mzigo alionunua Machi. Marejesho lazima yafuate kiwango cha siku ya mauzo, 16, ilhali mfumo wako sasa unaijua 14 peke yake. Januari kinyume chake: mzigo wa Desemba unarudi na 14, mfumo unang’ang’ania 16. Ongeza na saa. Seva nyingi, yaani kompyuta zinazoendesha mifumo hii, huwekwa saa ya UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma ya Nairobi. Duka linalofanya kazi usiku kucha limeshaingia Januari Mosi, lakini kwa seva bado ni saa tatu usiku ya tarehe 31 Desemba, na risiti zinaendelea kutoka na kiwango cha zamani hadi saa tisa usiku.

Aliyeitambua kazi hii kuwa badiliko la kanuni ya biashara alitengeneza jedwali lenye safu tatu: kiwango, kuanzia lini, hadi lini. Akaufanya mfumo uulize tarehe ya mauzo, kwa saa za Afrika Mashariki, kabla ya kupiga hesabu yoyote. Januari aliufunga mstari wa 14 na kuongeza mstari mmoja wa 16. Msimbo hakuugusa.

Ndiyo maana nasema aina ya badiliko iamuliwe wakati wa kufunga tiketi, kwa kutazama kilichobadilika, si wakati wa kuifungua kwa kusikiliza malalamiko. Mgawanyo wa mabadiliko ya programu wa mtafiti E. Burton Swanson wa 1976, yaani kurekebisha, kuendana na mazingira na kukamilisha, umetusaidia sana, lakini unategemea nia ya anayebadilisha, na nia kila mtu anaieleza kwa faida yake. Ned Chapin na wenzake mwaka 2001 walikuja na aina 12 zinazopatikana kwa kuuliza ushahidi: je, programu yenyewe iliguswa? Msimbo? Kuna utendaji ambao mteja atauona umebadilika? Hapo hakuna pa kujificha. Na mtafiti mwingine, Meir Lehman, alishaeleza tangu 1980 kwamba programu iliyozama katika shughuli za watu haina budi kubadilika mfululizo, la sivyo manufaa yake yanapungua. Mfumo wa mauzo ni wa aina hiyo hasa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba timu ya watu wawili haihitaji aina 12. Maswali matatu yanawatosha: kanuni ya biashara imebadilika? Data iliyokwisha kuhifadhiwa imeguswa? Mifumo mingine inayouomba majibu mfumo wetu itapata jibu tofauti na la jana? Swali la pili ndilo msilolipuuze kamwe, kwa sababu msimbo unaweza kuurudisha toleo la jana kwa dakika chache, lakini safu iliyofutwa kwenye hifadhidata bila nakala haitarudi.

Wapo watakaosema namba za matoleo zinatosha. Hazitoshi. Mtindo wa namba tatu, kama 2.4.1, unalinda ahadi kati ya programu na programu. Kutoka 14 kwenda 16 hakubadilishi jina la fomula wala idadi ya vigezo vyake, kwa hiyo mtu anaweza kuongeza namba ya mwisho tu na asiwe amevunja utaratibu. Mwenye duka hataona tofauti yoyote mpaka afungue hesabu za mwezi.

Mwandikieni hivi: “Kuanzia 1 Januari 2021 VAT ni asilimia 16. Mauzo ya kabla ya hapo, pamoja na marejesho yake, yanabaki na kiwango cha siku yalipofanyika. Hakuna data ya zamani iliyoguswa.”