Papa Asiyeonekana: Hadithi na Mvuto wa Macho katika Filamu

Kila inapotoka filamu yenye miji inayoporomoka na vyombo vya angani vinavyogongana, mabishano yaleyale huzuka. Wapo wanaosema kwamba filamu ni sanaa ya macho, na kwamba anayetaka hadithi nzito akasome riwaya. Wapo wanaolalamika kwamba fedha zote zimeishia kwenye kompyuta na mwandishi wa mswada akasahauliwa. Mimi ni wa kundi hili la pili na nitalitetea, lakini naona kwamba sisi tunaoitetea hadithi tumezoea kujipa ushindi wa mteremko, kwa kuchukua filamu mbovu za upande ule na kuzishindanisha na filamu bora za upande wetu.

Haki itendeke kwanza kwa wapinzani wetu. Ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walipowaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu 10 jijini Paris, tarehe 28 Desemba 1895, kila moja ilidumu chini ya dakika moja, na nyingi hazikusimulia lolote: wafanyakazi wanatoka kiwandani, mtoto mchanga analishwa, watu wanaoga baharini. Kilichostaajabisha ni kwamba picha ilikuwa inatembea, na mshangao huo haukuwa wa kijinga hata kidogo. Mwaka 1902 Georges Méliès, ambaye alikuwa mwanamazingaombwe kabla ya kushika kamera, aliwapeleka watazamaji mwezini kwa mandhari za kuchorwa na hila za kuunganisha picha. Anayedai kwamba mvuto wa macho ni uchafu ulioletwa na kompyuta katika sanaa iliyokuwa safi hajui sanaa hii ilikotoka. Hata hivyo, katika zile filamu 10 za kwanza ilikuwamo moja ambayo mtunza bustani anamwagilia maji, mvulana anaukanyaga mpira wa maji, maji yanakatika, mtunza bustani anauchungulia mdomo wa mpira, mvulana anaondoa mguu, na maji yanamrukia yule mtu usoni. Katika muda huo mfupi kuna mtu mwenye nia, kuna siri ambayo mtazamaji anaijua na mhusika haijui, na kuna matokeo. Hadithi ilikuwamo tangu siku ya kwanza, ndani ya chumba kilekile.

Watetezi wa hadithi hupenda kumwita Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuwa shahidi, na ushahidi wake ni mzito kweli. Katika maandishi yake kuhusu utunzi, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,300, aliitaja tanzia kuwa na sehemu sita, akauweka msuko wa matukio mbele, wahusika wakafuata, na mambo ya kutazamwa jukwaani akayaona kuwa na mvuto wake lakini yaliyo mbali zaidi na sanaa ya mtunzi. Alisema kwamba mtu anayesikia tu yaliyompata Oedipus, mfalme wa tanzia ya Kigiriki, bila kuyaona, anapaswa kutetemeka. Lakini Aristotle alizungumzia jukwaa, mahali ambapo mtunzi ni mmoja na fundi wa mapambo ni mwingine. Katika filamu, kamera ndiyo inayosimulia. Mahali inaposimama, muda inaomtazama mtu kabla ya kugeuka, kile inachokataa kutuonyesha, vyote hivyo ni utunzi. Kwa hiyo hatuwezi kuikopa hukumu yake nzima nzima na kuiambia picha ikae mwisho wa meza.

Mfano unaonishawishi zaidi unatoka katika filamu iliyokusudiwa hasa kutisha macho. Steven Spielberg alipokuwa akitengeneza Jaws, filamu ya papa anayewashambulia waogeleaji, iliyotoka mwaka 1975, papa wake walikuwa wa mitambo, na maji ya bahari yaliwaharibu mara kwa mara, hata upigaji picha uliopangwa kwa siku 55 ukafikia siku 159. Kwa kumkosa papa, ilibidi amfiche. Tunausikia muziki wa John Williams, tunaiona miguu ya waogeleaji kutoka chini, tunayaona mapipa ya manjano yakikokotwa juu ya maji, na zaidi ya saa moja inapita kabla mnyama mwenyewe hajajitokeza waziwazi. Kisa hiki husimuliwa kama somo la kuficha: kisichoonekana hutisha kuliko kinachoonekana. Somo hilo ni la kweli, ila nadhani limeishia njiani. Giza tupu halimtishi mtu mpaka awepo mtu anayetembea ndani yake ambaye tusingependa adhurike.

Saa ile ambayo papa hayupo hutumika kumjenga mtu huyo. Tunakutana na mkuu wa polisi anayeogopa maji, ambaye amekubali kwa shinikizo la meya kuacha fukwe wazi, kisha mama wa mtoto aliyeuawa anamfuata mbele ya watu na kumpiga kofi. Baadaye tunamwona ameinama mezani nyumbani kwake, na mwanawe mdogo anaiga kila anachofanya kwa uso na mikono. Hakuna lolote la kuvutia macho hapo, lakini anapopanda mashua kwenda kuwinda tunajua anabeba nini. Mashuani, usiku, wanaume watatu wanaonyeshana makovu yao, na mvuvi mzee anasimulia jinsi alivyonusurika baada ya meli ya kivita Indianapolis kuzamishwa mwaka 1945, wenzake wakiliwa na papa mmoja baada ya mwingine. Ni mtu aliyeketi anazungumza, na kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kutisha kuliko zote. Sehemu ya tatu ya filamu hiyo, iliyoongozwa na mtu mwingine mwaka 1983, ilitumia teknolojia ya 3D ili papa amjie mtazamaji usoni. Wahakiki waliipokea vibaya, nami naamini sababu ni kwamba papa alisogezwa karibu huku binadamu akiachwa mbali.

Wapinzani wetu wana jibu, na si dogo. Mwaka 1928, katika Steamboat Bill, Jr., mwigizaji wa vichekesho Buster Keaton alisimama wima huku ukuta mzima wa mbele wa nyumba ukimwangukia, akanusurika kwa sababu tu uwazi wa dirisha ulipita pale aliposimama, kwa nafasi ya sentimita chache. Ukuta ulikuwa wa kweli. Hakuna maneno yanayoweza kuchukua nafasi ya tukio hilo. Ninachoweza kuongeza ni kwamba kijana anayesimama pale ni mtoto ambaye baba yake, nahodha, amemdharau kwa unyonge, na kwa hiyo utulivu wake katikati ya dhoruba una uzito ambao mtaalamu wa michezo ya hatari asiye na jina asingeupata. 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1968, ni ngumu zaidi kwa hoja yangu. Neno la kwanza hutamkwa baada ya dakika kama 25, na wanaanga wake hawana joto lolote. Naweza kutaja kwamba tukio la kusikitisha zaidi ni la mhusika, yaani kompyuta HAL inayoomba isizimwe huku kumbukumbu zake zikichomolewa moja moja. Lakini sitajaribu kuipindisha filamu hiyo yote iingie katika kanuni yangu. Vyombo vinavyoelea angani kwa muziki vinatosha vyenyewe, kwa sababu kila picha imefikiriwa kwa kina sawa na anavyofikiriwa mhusika. Filamu za namna hiyo zipo, nazo ni chache sana.

Kwa hiyo picha si adui wa hadithi. Sidney Lumet alitengeneza 12 Angry Men mwaka 1957 karibu yote ndani ya chumba kimoja cha wazee wa baraza, na kadiri mjadala ulivyopamba moto alibadilisha lenzi ili kuta zionekane kuwasogelea watu, na kamera iliyokuwa juu ya macho yao ikashuka taratibu mpaka chini yake. Mtazamaji hubanwa kifua bila kujua ni nini kinachombana. Hiyo nayo ni kazi ya macho, ila imetumwa na hadithi.

Hoja ya fedha haiwezi kupuuzwa. Avatar ya mwaka 2009 iliingiza zaidi ya dola bilioni 2.7 duniani, ingawa wengi walilalamika kwamba hadithi yake wameshaisikia, na mlipuko hauhitaji kutafsiriwa. Sioni haki ya kumcheka aliyelipa kiingilio ili astaajabu, wala kuwadharau mafundi wanaofanya kazi miezi mingi kwa ajili ya sekunde chache. Kinachonisumbua ni mpangilio wa kazi. Katika baadhi ya filamu kubwa, mapigano huchorwa na kupangwa kabla mswada haujakamilika, kisha mwandishi hutakiwa kutafuta sababu za wahusika kufika pale. Mhusika anayesukumwa namna hiyo hana chaguo lake mwenyewe, na mtu asiyechagua hatuwezi kumhofia.

Filamu ya Ousmane Sembène, La Noire de..., ya mwaka 1966, ni ya rangi nyeusi na nyeupe na inadumu takriban saa moja. Diouana, binti wa Dakar, anawapa waajiri wake Wafaransa kinyago kwa furaha ya kupata kazi, anawafuata mpaka Ufaransa, anageuzwa kijakazi asiyetoka nje, kinyago kinatundikwa ukutani, anagombana na mwajiri wake wa kike akitaka arudishiwe, na hatimaye anajiua. Mwajiri wa kiume anarudi Dakar kuwapelekea jamaa za Diouana vitu vyake. Mtoto anakivaa kinyago kile na kumfuata nyuma, hatua kwa hatua, naye anaongeza mwendo akigeuka kila mara kutazama, mpaka anaingia kwenye gari. Ni ubao uliochongwa tu, juu ya uso wa mtoto. Kisha mtoto anakishusha, nasi tunamwona.