Fomu ya Tathmini

Jamani, leo tumeletewa ile fomu ya mwisho wa muhula. Mpe mhadhiri wako alama, moja hadi tano. Mimi ambaye muhula mzima kazi yangu ilikuwa kuhesabu vigae vya dari, leo nimekuwa hakimu! Nikashika kalamu kwa madaha, nikakwama swali la kwanza: "Je, mhadhiri anaimudu mada yake?" Sasa nitajuaje? Ningekuwa naijua hiyo mada ningekaa hapa?

Wa asubuhi anaimudu, naapa. Ila kaificha. Anawasha projekta, anatugeuzia mgongo, anasoma slaidi neno kwa neno, hata ile ya mwisho, "Asanteni kwa kunisikiliza", anaisomea ukuta. Ukinyoosha mkono: "Hilo tulishalimaliza wiki ya pili." Tulilimaliza nani na nani, mwalimu?

Wa mchana sasa! Anatujua kwa majina, anachekesha, anaigiza sauti, ukija kushtuka kipindi kimekwisha. Nikampa tano tupu bila kusoma maswali. Jirani yangu, kimbelembele wa safu ya kwanza, akaninong'oneza eti mwaka 1970 huko Marekani watafiti walimsimamisha mwigizaji mbele ya wasomi, wakamwita Dokta Fox, naye akamwaga mhadhara mtamu usio na kichwa wala miguu. Na wasomi wenyewe, wengine madaktari wa magonjwa ya akili, wakamsifu kwenye dodoso!

Nikafungua daftari la kipindi cha mchana nitafute utetezi. Nikakuta tarehe na vichekesho viwili.

Halafu kuna wa jioni. Mungu anisamehe. Umejificha nyuma ya mwenzio mwenye kichwa kipana, yeye anakuona: "Wewe, eleza kwa maneno yako." Maneno yangu yametoka wapi? Mimi nina ya kunakili! Insha yangu aliirudisha imevuja wino mwekundu, kila pembeni "Kwa nini?", "Umejuaje?" Nikamnunia wiki nzima. Lakini, na hili libaki hapa hapa, ndiyo insha pekee niliyowahi kuisoma baada ya kurudishiwa. Nilimfuata ofisini kwenda kugomba, akavuta kiti, tukabishana aya ya tatu mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Ile aya hata ukiniamsha usiku wa manane nakueleza.

Nimempa mbili. Alikataa kutudokezea kinachotoka kwenye mtihani.